Wastani wa Tolliver

Garrett Lindqvist alichukua wastani. Ramona Dietz alimtazama akifanya hivyo ubaoni, kwa kalamu ya kijani, mbele ya meneja mkuu wa klabu ya besiboli, akaona aibu kwa niaba ya hesabu.

"Kipimo kimoja cha udakaji kinasema Tolliver ametupotezea pointi kumi na moja msimu huu," alisema Garrett. "Kingine kinasema ametuokolea tisa. Wastani wake ni hasi moja. Ana miaka thelathini na mitatu, na siku hizi hata kupiga mpira anabahatisha. Leo tumwache aende zake."

Huyo ndiye mkuu wa kitengo cha takwimu. Alikuwa na shahada mbili na viatu vyeupe visivyojua vumbi, na hakuwahi kujiuliza namba inatoka wapi. Ramona alikuwa chini yake mwaka wa nne sasa, na dharau yake kwa bosi huyo ilikuwa imekomaa hata haikumnyima tena usingizi.

"Bosi," alisema, "ukichukua joto la mgonjwa na saizi ya viatu vyake, ukatafuta wastani, namba utapata vilevile."

Mzee Lou Carbone, meneja mkuu, aliacha kutafuna mbegu zake za alizeti. "Endelea, Ramona."

"Kipimo cha kwanza kinaugawa uwanja vipande vipande. Mpira ukitua mahali ambapo wenzako huudaka, wewe usiudake, unakatwa pointi. Hakijali ulikuwa umesimama wapi. Cha pili ni cha kamera. Kinaanzia pale ulipokuwa umesimama wewe wakati mpira unapigwa, kinapima umbali na sekunde ulizopata. Nimetazama video ya kila mpira aliokosa. Karibu yote ilimpita juu ya kichwa. Mbio anazo, ila anasimama mbele mno."

"Si ndiyo ninayosema?" Garrett alidakia. "Hajui kusimama."

"Anasimama kwa kadi, bosi."

Kila mdakaji wa klabu ile aliingia uwanjani na kadi ndogo ndani ya kofia, inayomwelekeza asimame wapi kwa kila mpigaji. Carbone alijua kadi zinatoka wapi, lakini aliuliza hata hivyo.

"Kadi anaziandaa nani?"

Garrett alianza kufuta ubao.

"Kwa hiyo pointi ishirini zilizo kati ya vipimo hivi viwili si za Tolliver," alisema Ramona. "Ni zako."

Carbone aliinuka. "Tolliver anabaki. Ramona, kamwambie mwenyewe, kabla uvumi haujamfikia."

Uvumi ulikuwa umeshamfikia. Ramona alimkuta Desmond Tolliver kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anapanga glavu zake begini. Alimweleza yote, vipande, kamera na kadi, na jinsi alivyomchambua Garrett kama karanga. Kisha akangoja kushukuriwa. Ndiyo, alingoja, na wala hakujificha.

"Nasimama mbele mno," alisema Tolliver.

"Hatua saba, nane hivi."

"Dada, nilikwambia mwezi wa nne."

"Uliniambia mimi?"

"Nilikuja mezani kwako na kadi mkononi. Ulikuwa unakula saladi. Nikasema, hapa mipira itanipita. Hukuinua hata macho. Ukasema, 'Kaka, wewe daka, kuhesabu tuachie sisi.'"

Ramona aliitafuta siku hiyo kichwani asiipate. Lakini maneno aliyatambua. Yalikuwa yake, aliwaambia wachezaji karibu kila wiki, na kila mara alijiona mwerevu.

"Sikumbuki," alisema, na hapo hapo akajichukia kwa kusema hivyo.

"Najua hukumbuki." Tolliver alitoa glavu moja begini, akaivaa, akaikunjakunja. "Jioni hii nisimame wapi?"

"Popote unapoona panafaa."

Tolliver alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Ramona.

"Mwezi wa tano mliponiweka benchi kwa hizo namba," alisema, "mama yangu alikuwa amepanda basi toka Alabama kuja kunitazama. Ana miaka themanini na moja. Alikaa jukwaani wiki nzima, anamtazama mwanawe amekaa benchi."

Akachukua kofia yake, akatoka kwenda kufanya mazoezi na wenzake.