Kope za Nyumba ya Mzee Cheche

Mzee Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, maana hakuwa na shati hata moja lisilo na vitundu vya cheche. Karakana yake ilikuwa uani, hapo hapo nyuma ya jiko, na watoto wake wote walikulia kati ya mageti na madirisha. Sasa, moto wa kuchomelea mnaujua. Ukiutazama kwa macho matupu, usiku hulali, unajikuna macho kama umetiwa mchanga. Kwa hiyo mzee alikuwa na sheria moja, na haikuwa na mjadala. Kabla hajagusisha fimbo kwenye chuma, alipiga ukelele: "Macho!" Kila mtu uani alifumba, awe anafua, awe anachagua mchele, awe yuko katikati ya kuchapwa na mama yake. Kuna wanaoapa kwamba hata paka alifumba, ila hilo la paka mimi nawaachia wenyewe.

Bingwa wa kufumba alikuwa mke wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Yeye hakuanzia kwa mumewe. Baba yake ndiye aliyemfundisha mzee kazi, kwa hiyo ukelele ule ameusikia tangu anatambaa. Neno halijaisha, kope zimeshashuka.

Ubaya ulikuwa kwenye picha. Angalia ile ya harusi yao, iko sebuleni mpaka leo: bwana harusi kafumba, bibi harusi kafumba, msimamizi peke yake ndiye katoa macho, utadhani yeye ndiye anayeoa. Za ubatizo wa watoto, hivyo hivyo. Za watoto kumaliza shule, ukoo mzima umesinzia. Bibi alizoea kusema, "Siku nikifa hamtahangaika kutafuta picha ya kuweka. Zote nimeshakufa." Watu wanacheka, na yeye anacheka, halafu anaifuta vumbi ile ya harusi. Kule kufuta mzee alikuwa anakuona.

Basi ikatokea watoto wamekubaliana kuja wote siku moja kuwapongeza wazazi kwa ndoa yao ndefu. Bibi akasema jambo moja tu. Hataki kitenge, hataki kiti cha kuegemea. Anataka picha moja na watoto wake, na yeye awe anatazama.

Kitinda mimba wao walimwita Meneja, maana tangu mdogo anapenda kupanga watu. Akaja kupanga.

"Baba, tumlete mtu wa studio," akasema. "Watu wanatoka mbali, jioni wanarudi makwao. Picha hairudiwi."

"Chiriku atapiga," mzee akajibu.

Chiriku ni mjukuu, mtoto wa binti yake mkubwa, na ukimsikia akiongea hutauliza jina limetoka wapi. Alikuwa amehamia kwa babu na bibi yake kwa ajili ya kibarua, akajinunulia kamera iliyotumika, na kila jioni yuko nayo shingoni.

"Chiriku kamera ameishika juzi, Baba."

"Na wewe umeneja umeushika lini? Nimesema atapiga. Na mama yako atatazama."

Maneno hayo yalimtoka tu, kama mtu anavyopiga chafya. Meneja alipoondoka, Chiriku akaja uso umemshuka.

"Babu, asante kwa kunisemea. Lakini sebule yenu ina giza kama tumbo la ng'ombe. Hii kamera peke yake haitaona kitu. Inataka flashi ya kupachika juu."

"Si ina kijitaa chake hapo?"

"Hicho ni cha kutafutia funguo, Babu."

Wakaenda dukani pamoja, mzee kavaa shati lake lenye matundu machache kuliko mengine. Muuzaji akaweka flashi mbili kwenye kioo. Moja nene, imekaa wima kama askari. Ya pili ndogo kidogo, kichwa chake kinainuka na kugeuka kulia na kushoto. Mzee akaipenda ile nene hapo hapo.

"Chukua hii, mjukuu. Hii inaonekana imekula ikashiba."

"Haigeuzi shingo, Babu."

"Igeuze shingo iende wapi? Watu si wako mbele?"

Muuzaji akacheka. "Mzee, binti anajua anachotaka. Na hii ndogo ukiiweka hapa, inajipimia mwanga yenyewe. Wewe ni kubonyeza tu. Ukisogeza kitufe upande huu, unapima kwa mkono, ila wanaoanza huwa hawaugusi."

Chiriku akachukua ya shingo. Njia nzima mzee alikuwa anaigeuza mkononi, anatafuta boliti zake.

Nyumbani wakamkalisha Bibi kwenye kochi. Mara ya kwanza Chiriku aliielekeza usoni moja kwa moja. Bibi akatoka mweupe kama kaanguka kwenye gunia la unga, nyuma yake ukutani kivuli cheusi kama mtu wa pili kaja kumkaba. Na macho, kafumba. Chiriku akainua shingo ya flashi, ikatazama dari. Dari lao ni la mbao zilizopakwa rangi nyeupe, basi mwanga ukapanda, ukatawanyika, ukashuka taratibu kama wa dirishani. Bibi akatoka mzuri, mikunjo yake yote iko mahali pake, ngozi inang'aa. Mzee akasogeza kichwa kwenye kioo cha kamera, moyo ukamjaa. Hapo ndipo akaelewa shingo ni ya nini, ingawa hakukiri.

Lakini macho, kafumba.

Wakarudia. Chiriku anahesabu, Bibi anakodoa kama kaona nyoka, flashi inawaka, kafumba. Mzee akakaa yeye, kafumba. Akaja jirani muuza maziwa kudai chupa zake, wakamkalisha naye. Macho kodo, na tabasamu juu.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwambia mjukuu, maana ndivyo walivyotaniana siku zote, "tuache. Aje mtu wa studio wa mjomba wako. Na yeye atatupiga tumefumba, halafu yaishe."

Chiriku akaizima flashi. Mzee akatoka uani akajifanya anatafuta patasi. Alikuwa amemwahidi Meneja kwamba mama yake atatazama. Tena haikuwa ahadi tu. Mke wake alikuwa ameanza kukata tamaa na jambo moja aliloliomba mwenyewe.

Kesho yake mchana Chiriku akamfuata karakana.

"Babu, niazime kinyago chako cha kuchomelea."

"Umeacha picha, unataka mageti?"

"Nataka kuitazama hii flashi usoni. Kwa nini jirani asifumbe na nyie mfumbe?"

Akaweka kamera mezani sebuleni, akaitegea ijipige yenyewe, akakaa mbele yake na kinyago chenye kioo cheusi. Ikawaka. Akategea tena. Akategea tena. Halafu akavua kinyago polepole.

"Babu, vaa wewe. Niambie unaona nini."

Mzee akavaa. Nyuma ya kile kioo alikuwa nyumbani kwake, maisha yake yote ameyaonea humo. Flashi ikawaka.

"Mbili," akasema. "Kuna kadogo, halafu lenyewe. Zinafuatana kama mguu na mguu."

"Ndiyo hiyo kujipimia aliyosema muuzaji. Inatuma kadogo kwanza kupima, ndiyo inatoa kubwa. Mtu wa kawaida hawahi kufumba hapo katikati, picha imeshapigwa. Nyie mnawahi. Na zile za zamani, mpiga picha alihesabu kwanza, mkafumba kwenye hesabu."

Mzee akakaa na kinyago kimeinuliwa juu ya paji. Kumbe kale kadogo kalikuwa kanawapigia ukelele, "Macho!", nao wanatii kama walivyofundishwa. Badala ya kukasirika akajisikia kuvimba. Flashi ya kisasa, imetengenezwa na watu waliosoma wakamaliza, na kope za nyumba yake zimeishinda mbio.

"Sasa tunafanyaje?"

"Naiambia isipime. Nitapima mwenyewe, kwa mkono."

Akaweka birika juu ya kochi, pale atakapokaa Bibi. Akapiga, jeusi. Akaongeza mwanga, jeupe mpaka mdomo wake umepotea. Akapunguza kidogo, akasogea, akapunguza tena. Birika lile lilipigwa picha mchana huo kuliko mzee maisha yake yote. Alipolipata sawasawa, akachukua chaki ya mzee ya kuandikia vyuma, akachora sakafuni mahali pa kusimama.

Siku ikafika, nyumba ikajaa. Meneja alikuwa amewahi kuliko wote, na amepamba. Dari lote kalijaza maputo mekundu.

"Mjomba, hapo mwanga ukigonga utashuka mwekundu," Chiriku akasema. "Tutatoka kama tuna surua."

"Niyatoe? Nimeyapuliza kwa mdomo wangu huu. Mtu wa studio nimeongea naye, yuko tayari, nampigia tu."

Mzee alitaka kumjibu, lakini mjukuu hakuwa anabishana. Alikuwa anageuza shingo ya flashi, taratibu, mpaka ikatazama ukuta mweupe wa kando. Akaliweka birika kwenye kochi mbele ya ukoo wote. Shangazi wakaangua kicheko. Hakuwajali. Akapiga mara mbili tatu, akagusa kitu, akapiga tena, akaondoa birika.

"Bibi, kaa. Wengine nyuma. Mjomba, wewe mrefu, chuchumaa."

Na Meneja, mpanga watu, akachuchumaa.

Chiriku hakuhesabu. Flashi ikawaka mara moja, kubwa, laini, imekwisha. Kope za ukoo mzima zikashuka, lakini zikashuka kuchelewa.

Wakaigombania kamera. Binti mkubwa macho wazi. Meneja macho wazi, magoti yanamuuma unaona. Na Bibi katikati, anatazama. Anakutazama wewe, moja kwa moja, kama anakuuliza umekula. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu.

"Kumbe nina macho ya mama yangu," akasema.

Meneja akakohoa. "Chiriku, na mimi nina kazi ofisini mwezi ujao. Utanipigia?"

"Tutaongea, Mjomba," Chiriku akajibu. "Nina ratiba."

Ni mzee tu ambaye hakuangalia kamera. Kwenye picha kageuza kichwa chote pembeni, anachungulia macho ya mke wake kama yamefunguka. Chiriku akasema warudie. Bibi akakataa katakata, hiyo hiyo.

Kesho yake mteja alikuja kuulizia bawaba za geti lake, kwa mara ya tatu wiki hiyo. Mzee Cheche akafuta mikono kwenye suruali, akatoa picha iliyosafishwa kubwa, ameifunga kwenye kitambaa safi.

"Bawaba zipo," akasema. "Kaa kwanza. Nikuonyeshe kazi ya mjukuu wangu."