Ripoti ya Pili

Kwa miaka kumi na mmoja Tuneya alikuwa karani wa chama cha maji cha Garsen. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyevutiwa bomba bila Tuneya kukaa kwanza na kumwandikia hati ya bei. Mtu akija kutoka kijiji cha Wema kuomba maji, alimuuliza nyumba yake iko umbali gani na bomba kuu, akahesabu mabomba, viungo, saruji na siku za vibarua, akajumlisha, kisha akapiga chapa nakala tatu. Hati moja ilimchukua asubuhi nzima. Mteja akikubali bei na kazi ikiisha, jina lake liliingia kwenye daftari la ada ya kila mwezi.

Daftari hilo lilikuwa na utaratibu wake. Wakulima walilipa mwezi hadi mwezi. Wafugaji walilipa miezi ya kiangazi tu. Chama kiliwajengea birika la kunyweshea ng'ombe nje ya mji, upande wa tambarare, na wao wenyewe ndio waliochimba mtaro wa bomba lake, kilomita nne kwa majembe na sururu. Siku mtaro ulipokamilika walikubaliana kwamba mvua ikinyesha na mifugo ikahama, ada isimame. Hakuna aliyeyaandika makubaliano hayo popote. Tuneya aliyajua, na hilo lilitosha. Mfugaji akiondoka, alimwandikia "amehama" kwenye safu ya mwezi. Akirudi, aliendelea naye pale walipoachia.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Mto ukaingia hadi ofisini, na madaftari yakavimba, mengine yakaoza. Mwanzoni mwa mwaka 1999 shirika moja la misaada likakipa chama kompyuta, printa na jenereta ndogo, pamoja na fedha za kununua programu moja ya kuandikia hati za bei na kutoza ada.

Mwenyekiti wa chama, Mwaro, alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Alimwita Tuneya akamwambia azijaribu programu zitakazoletwa na kuandika ripoti, kwa kuwa yeye ndiye atakayekaa nazo kila siku. Tuneya alifurahi. Tangu aanze kazi hakuwahi kuulizwa anapendelea nini.

Wauzaji walikuwa wawili. Wa kwanza, Ngala, aliletwa na gari la kampuni yake kutoka Mombasa. Alitia diski zake, akaandika jina la mteja wa kubuni, akabonyeza hapa na pale, na kwa dakika nne printa ikatoa hati ya bei yenye nembo ya tone la maji juu na mistari iliyonyooka. Mwaro aliishika karatasi kwa pembe zake asije akaichafua. Wa pili alikuwa msichana aitwaye Ikran, aliyesomea kompyuta Mombasa na kufungua ofisi ya chumba kimoja Malindi. Alikuja kwa basi na diski mbili ndani ya bahasha. Hati yake haikuwa na nembo yoyote.

Tuneya aliwauliza wote wawili swali moja: mfugaji akihama, ada inasimama?

"Inawezekana, mama," Ngala alisema. "Kila kitu kinawezekana."

Alipoombwa aonyeshe, alisema hayo wangeyaona wakati wa mafunzo.

Ikran alitazama kioo cha kompyuta kwa muda, kisha akasema kwamba kwa sasa haiwezi. Alidhani kila mteja analipa kila mwezi. Aliomba kuona daftari. Akakaa siku mbili ofisini akinakili kurasa za wafugaji, akiuliza kwa nini huyu ameruka miezi mitano na yule mitatu. Baada ya wiki tatu alirudi na diski nyingine. Sasa kwa kubonyeza mara moja tu mwezi uliandikwa "amehama", na ada ikasimama. Tuneya alijaribu kwa jina la mfugaji mmoja mzee aitwaye Duba, aliyekuwa mteja wa birika tangu mwanzo. Hesabu zake zote zikatoka kama zilivyokuwa daftarini.

Diski za Ngala zilikuwa zimeachwa kwa majaribio. Tuneya alizijaribu kwa wiki nzima, katika zile saa mbili za asubuhi jenereta ilipowashwa. Programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya maduka ya mjini yanayokodisha televisheni na majokofu. Haikujua kusimamisha ada. Ukitaka isimame, ilibidi ulifunge jina la mteja kabisa, na akirudi aanze kama mtu mgeni, kwa hati mpya ya bei. Usipolifunga, kila mwezi ada ilipanda pamoja na faini, na mwezi uliopita haukuweza kurekebishwa ila kwa namba ya siri, ambayo angepewa mwenyekiti peke yake.

Aliyaandika yote hayo katika kurasa tatu na kupendekeza programu ya Ikran. Mwaro aliisoma ripoti hadi mwisho, kisha akamwambia afunge mlango.

Hakumgombeza. Alimweleza kwamba wafadhili wangekuja mwezi wa Julai kuona fedha zao zilivyotumika, na kitu ambacho wangekishika mkononi ni ile hati ya bei. Isitoshe, wanakamati wameipenda. Tuneya akamkumbusha habari ya wafugaji. Mwaro akasema hao watazoea.

"Mwalimu, hawatazoea kudaiwa maji ambayo hawakuyanywa," Tuneya alisema.

Mwaro alizipanga kurasa tatu zikalingana, akamrudishia.

"Jina la binti yako liko kwenye orodha ya basari," alisema. "Tunakaa Alhamisi. Iandike upya, Mama Dado. Ukurasa mmoja unatosha."

Dado alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni, na tangu baba yake afariki hapakuwa na mtu mwingine wa kumsomesha. Mwaro alikuwa katika kamati iliyogawa basari, fedha za karo. Alilisema jambo lile kwa upole, kama anayempa mtu habari njema, na pengine hata mwenyewe aliliona hivyo. Tuneya alirudi mezani kwake. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameiandika ripoti ya pili na kutia sahihi. Ya kwanza aliikunja akaiweka chini ya nguo sandukuni nyumbani.

Ikran alipelekewa barua ya mistari miwili. Naye akajibu, akashukuru kwa kupewa nafasi, akaomba aambiwe programu yake ilipungua wapi ili airekebishe. Tuneya aliisoma barua hiyo mara kadhaa. Hakuijibu.

Wafadhili walikuja Julai. Walipigwa picha wakiwa wameshika hati ya bei ya bomba la kwenda Kilelengwani.

Wakati huo wafugaji walikuwa wameshahama tangu mvua za Aprili. Tuneya hakuyafunga majina yao, kwa sababu kuyafunga kulimaanisha kuwatoa chamani. Aliyaacha, akiamini kwamba watakaporudi Mwaro ataweka namba yake ya siri na miezi itafutwa. Mwezi wa Agosti alimpelekea orodha ya wafugaji tisa. Mwaro akasema atalifikisha jambo hilo kwenye kamati ya chama. Mwezi uliofuata alisema hivyohivyo. Kila Jumatatu programu ilitoa orodha ya wateja wa kufungiwa maji, Mwaro akaitia sahihi, nayo ikapelekwa kwa mlinzi wa birika. Yale majina tisa yalikuwemo, lakini wenyewe hawakuwepo, na hakuna aliyeona ubaya.

Mwishoni mwa Septemba, siku ya Jumanne, Duba alirudi. Alikuwa na ng'ombe sitini na watatu, waliotembea siku nne, mbili za mwisho bila maji. Mlinzi alimwonyesha karatasi na kufuli. Duba alimwachia mkewe Gumato ng'ombe, akaja mjini kwa miguu, akaingia ofisini akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Alimsalimia Tuneya kwanza, akauliza habari za Dado. Kisha akasema, "Mimi nilienda na mvua. Sasa nimerudi. Kitabu yako inajua."

Tuneya alimwambia kitabu hakipo tena. Akamwomba aketi, akaenda mbio hadi posta kumpigia Mwaro simu, kwani mwenyekiti alikuwa mkutanoni Hola. Ilichukua karibu saa nzima kumpata. Tuneya alimweleza, akamwomba ampe ile namba ya siri kwa simu. Mwaro akasema namba haitajwi kwa simu, na akifunguliwa mmoja bila utaratibu, mashine itakuwa haina maana. Angerudi Alhamisi.

"Ng'ombe hawawezi kukaa hadi Alhamisi bila maji," Tuneya alisema.

Mwaro akamwambia afuate mashine inavyosema.

Alirudi ofisini. Angeweza kwenda mwenyewe hadi kwenye birika na kumwambia mlinzi afungue. Mlinzi angemtii, maana walijuana miaka mingi. Baadaye alilifikiria hilo zaidi ya jambo jingine lolote. Lakini basari ilikuwa ya kutolewa kila muhula, na muhula wa tatu ulikuwa umeanza tu. Aliwasha jenereta, akalifunga jina la Duba na kumwingiza kama mteja mgeni, akitumaini kwamba hati mpya huenda ikaja na bei ndogo ambayo angemsaidia kuilipa. Printa ikatoa karatasi safi yenye nembo. Duba hakujua kusoma, akaomba asomewe. Tuneya akamsomea: ada ya kujiunga, birika, bomba la kilomita nne, vibarua siku arobaini.

"Bomba hii," Duba akasema, "mimi nilichimba."

"Najua, mzee wangu."

"Basi nani anauza?"

Tuneya akasema ni mashine ndiyo inayosema hivyo. Duba aliitazama kompyuta kwa muda, akaikunja karatasi mara nne, akashukuru, akatoka.

Palikuwa na malka ya zamani upande wa chini, njia ya mifugo kuteremkia mtoni. Mafuriko yalikuwa yameubomoa ukingo wake na kuacha tope zito, na tangu hapo wafugaji hawakuitumia. Njia nyingine zilipita katikati ya mashamba ya watu, na Duba hakutaka ugomvi. Alasiri ile aliwapeleka ng'ombe malkani, akikusudia kuwateremsha wachache wachache. Waliposikia harufu ya maji hawakuzuilika. Walishuka wote kwa pamoja, wa mbele wakazama tumboni, wa nyuma wakawakanyaga. Duba na Gumato walivuta kwa kamba hadi giza lilipoingia. Kumi na mmoja walifia kwenye tope. Kamba ilimnasa Gumato mkono wa kulia, mtamba akajirusha, na mkono ukavunjika mahali pawili.

Alhamisi Mwaro alirudi, akasikitika sana, akaamuru birika lifunguliwe kwa wafugaji wote. Kwenye tangazo lililobandikwa ukutani aliandika kwamba palikuwa na hitilafu ya mitambo.

Jumapili Tuneya alikwenda kwenye kambi ya Duba. Mzee alikuwa malishoni. Gumato alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa kwa vijiti, akamkaribisha na kumwagiza jirani amletee mgeni maziwa. Tuneya hakuyagusa. Alimweleza kila kitu: programu mbili, ripoti ya kwanza na ya pili, basari. Alilia alipokuwa akieleza. Gumato hakulia.

"Wewe ulijua itakuwa hivi?" Gumato aliuliza.

"Nilijua watadaiwa. Sikujua habari ya malka."

Gumato aliupakata vizuri mkono wake wenye vijiti.

"Duba aliambia watu wote, msilaumu Mama Dado, ni mashine," alisema. "Wengine walitaka kuja kwako kwa hasira, yeye alikataa. Sasa nikimwambia hii, atabaki na nini?"

Tuneya alitaka kuomba msamaha, lakini aliona kwamba hata huo ungekuwa mzigo mwingine wa kumwachia yule mama. Aliinuka akaenda zake.

Wiki iliyofuata aliipeleka ripoti ya kwanza mbele ya kamati na kuisoma yote. Mwanakamati mmoja akauliza ripoti ya pili ilitiwa sahihi na nani. Akasema ni yeye. Akaulizwa kama alishikwa mkono. Akasema hakushikwa. Alipotaja basari, Mwaro alitikisa kichwa taratibu, akaiambia kamati kwamba Mama Dado amechoka, kazi ni nyingi na yeye ni mjane. Kamati ikampa likizo ya wiki mbili yenye malipo. Programu ikabaki, kwa kuwa imeshanunuliwa. Iliamuliwa kwamba wafugaji watalipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wanne kati ya tisa waliweza.

Duba hakuweza. Aliuza ng'ombe kumi na wanane kwa bei ya kiangazi, akahamisha waliobaki kuufuata mto kwenda juu, upande wa Nanighi. Gumato alibaki nyuma kwa dada yake, kwa ajili ya mkono wake.

Basari ya Dado ilitoka kila muhula. Tuneya alirudi kazini, akajifunza programu ile hadi akawa anatoa hati ya bei kwa dakika tatu.

Mwaka uliofuata alimkuta Gumato sokoni Garsen akiuza maziwa kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwenye kifundo. Tuneya alinunua vikombe viwili. Gumato alimsalimia, akaitikia salamu zake zote moja baada ya nyingine, akampimia maziwa bila kupunja, akampa chenji yake. Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma ya Tuneya.