Siku Murugi Alipomkimbiza Mchungaji

Warigia alikuwa anakufa, na hakuna aliyeona haya kusema hivyo, hata yeye mwenyewe. Asubuhi ile ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya kahawa kama mgeni asiyejua kuaga, alimwita bintiye Murugi karibu na kitanda.

"Enda uniletee Kingori na ile sanduku yake," akasema. "Sitaki kuzikwa kama mbwa ya setla."

"Mbwa za masetla zilikuwa zinazikwa vizuri, maitu. Hata maua zilikuwa zinawekewa."

"Basi kama mbuzi ya jirani. Wacha mdomo, enda."

Kingori alikuwa mchungaji, na sanduku lake lilibeba mkate na divai ya wagonjwa. Warigia hakuwa ameonja mkate huo tangu siku za Hali ya Hatari. Aliachwa mjane ndani ya kijiji cha seng'enge, akiwa na mtoto mmoja na paa linalovuja, akakubali kuolewa mke wa pili na mwanamume ambaye paa lake halikuvuja. Kanisa likamtoa kwenye Meza ya Bwana. Na aliyetolewa Mezani, akifa, haingizwi kanisani wala hapigiwi kengele. Anafukiwa nyuma ya boma, watu wakiguna wimbo kama walioiba kuku.

Yule mwanamume alishakufa na kosa likafa naye. Kilichobaki ni mchungaji kuja, kumuuliza maswali yake na kumrudisha. Kingori alikuwa akiahidi kuja kila mvua inapoisha. Warigia naye hakutaka kumfuata. "Ni wao walinitoa," alikuwa akisema. "Wanirudishe wao." Sasa wote wawili walikuwa wamengoja kupita kiasi.

Murugi alikimbia kwa jirani. Huko alikaa Masinde, askari kutoka Bungoma, na mkewe Nasirumbi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Philemon. Masinde alikuwa anakoroma baada ya zamu. Baiskeli yake nyeusi ilikuwa imeegemea ukuta, na kabuti lake la serikali, lile la vifungo vinavyong'aa, lilining'inia mlangoni.

"Chukua vyote, kuna baridi," Nasirumbi akasema. "Akiamka nitamwambia baiskeli imeitwa kazini. Mimi nitaenda kukaa na cucu, nisimwache mama yako peke yake."

"Anataka mkate wa kanisa, Mama Philemon."

"Nyinyi na mkate yenu! Sisi wa kanisa la Friends hatuna hiyo maneno. Tunakaa kimya tu mpaka Mungu aseme."

"Na asiposema?"

"Tunaenda nyumbani kupika."

Murugi alivaa suruali ya mumewe Mutahi, aliyekuwa Nairobi akifanya kazi relini, yule yule aliyemfundisha kupanda baiskeli wakati wa likizo ili apate kitu cha kuchekea. Akalifunga kabuti mpaka kidevuni, akarusha mguu juu ya mtalimbo, akashuka na barabara ya muramu kuelekea Kiamwene.

Kiamwene kuna kanisa dogo la mabati, moja ya matatu ya Kingori, ambalo kengele yake ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mti. Mzee Gicheru, mwangalizi wa kanisa, alikuwa anafagia. Alimwangalia Murugi kuanzia suruali kupanda juu, halafu akarudia, kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini.

"Wewe ni mwanaume ama mwanamke?"

"Leo mimi ni haraka tu, baba. Mchungaji ako wapi?"

"Ametoka sasa hivi. Vumbi yake bado iko hewani."

Vumbi la Julai! Lilikuwa tope, lakini Murugi hakuwa na wakati wa kumsahihisha mzee. Alikanyaga pedali. Alipofika ukingo wa bonde, ukungu ulipasuka kidogo akamwona Kingori ng'ambo ya mto: koti jeusi, kofia, sanduku limefungwa kwenye keria. Murugi akapiga kengele ya baiskeli kwa nguvu zote.

Kingori aligeuka akatazama. Kisha akainuka juu ya tandiko, akakanyaga kwa uzito wake wote, akapotea kwenye kona.

Hajasikia, Murugi akajiambia. Akavuka daraja, akaisukuma baiskeli kupanda kilima akihema kama ng'ombe anayezaa, akapanda tena, akapiga kengele tena. Mbele yake koti jeusi liligeuka, likaongeza mwendo. Murugi alimjua Kingori kama mtu anayepanda mimbari akijishika kiuno. Hakujua ana mapaja ya namna ile.

Kanisa la pili, Gatunduri, lilikuwa la mawe ya kuchonga, kazi ya wamisionari Waskoti. Wakati wa vita homugadi, wale wanamgambo wa serikali, waliligeuza ngome, na matundu ya bunduki yaliyotobolewa ukutani yalizibwa baadaye kwa simiti ya rangi nyingine, hivi kwamba ukuta ule ulionekana kama uso uliopona ndui. Wanawake wa zamu walikuwa wanaosha viti.

"Mchungaji amepita?"

Wakatazamana. Mmoja, Wachuka, mwanamke wa meno mapana na huruma nyingi, alishindwa kuvumilia. "Amepita kama ameona shetani! Ametuambia ati mtu akiuliza, hatujamwona."

Hapo Murugi akaweka mguu mmoja chini. Kumbe ni kweli anamkimbiza mchungaji, na kumbe mchungaji anajua. Hataki. Zile mvua zote alizoahidi zikiisha, hakuwa amesahau, alikuwa anakwepa. Warigia wake, aliyekuwa akikaa kwenye ukuta wa nje wa kanisa kila Jumapili ya Meza ili angalau asikie nyimbo, alikuwa akingoja mtu ambaye angependa zaidi kutumbukia mtoni kuliko kumfikia. Machozi yalimtoka yakachanganyika na manyunyu, na hilo lilimfaa kwa sababu wanawake wale walikuwa wakimtazama.

"Murugi, si ushuke upumue?" Wachuka akasema.

"Nikishuka sitapanda tena."

Kanisa la tatu, Ruthanju, lina mnara ulioishia nusu. Mwaka wa ule ugomvi, kanisa lilipokataza kutahiri wasichana, nusu ya washiriki walitoka, na wanasema walitoka na nusu ya mawe. Chini ya mnara huo, ndani ya mtaro, Murugi aliikuta baiskeli ya Kingori imelala chali, cheni imekatika, gurudumu la mbele limejikunja kama chapati. Sanduku halikuwepo. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi kidogo.

Aliingia. Chini ya kitambaa cheupe cha meza kulikuwa na viatu viwili vyenye tope.

"Toka, Mchungaji. Nimeona viatu," akasema kwa sauti iliyokwaruza kwa kuhema.

"Afande," sauti ikatoka chini ya meza, ile sauti ya kubariki mavuno, ila imekonda. "Afande Masinde, tafadhali. Hiyo kibati ya baiskeli nitanunua, naapa... siapi, lakini nitanunua."

Murugi alisimama. Akajitazama: kabuti, vifungo, baiskeli ya serikali. Mwezi ule Masinde alikuwa akikamata kila baiskeli isiyo na kibati cha leseni na kuifunga mnyororo nje ya posti ya polisi, na wenyewe walikuwa wakipitia mashambani wakiliona kabuti lile tu. Hata mchungaji. Hasa mchungaji, maana ndiye aliyehubiri juu ya kumpa Kaisari kilicho cha Kaisari.

"Mimi ni Murugi wa Warigia," akasema. "Mama yangu anakufa. Anakungoja."

Kitambaa kikainuka. Uso uliotokea ulikuwa na utando wa buibui kwenye nyusi. Murugi angecheka siku nyingine. Angecheka mpaka ashikwe. Siku hiyo alimshika mkono tu akamvuta atoke.

Kingori hakuweza kukanyaga. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Alikaa kwenye kiti cha mbele akakumbatia sanduku lake.

"Kesho lori ya maziwa itapita," akasema bila kumwangalia. "Nitakuja nayo."

"Kesho utakuta nini? Panda keria."

"Murugi. Mchungaji abebwe na mwanamke, mchana, barabara hii yote?"

"Umemkimbia mwanamke mchana, barabara hii yote. Watu wameshaona."

Akapanda. Alikaa upande kama bibi harusi, kofia ameivuta mpaka puani. Kwenye miteremko Murugi aliegemea breki mpaka zikalia. Kwenye vilima alishuka akasukuma mchungaji na sanduku na baiskeli pamoja. Na walipokaribia kiwanda cha kahawa, ambako watu walikuwa wamepanga foleni na magunia yao, Kingori alimsihi wapitie njia ya mtoni. Huko baiskeli ilizama tope. Huko walichelewa. Murugi alijua wanachelewa, na akamruhusu, kwa sababu naye alikuwa amechoka kuchekwa. Hilo lilimuuma baadaye kuliko miguu.

Nasirumbi alikuwa amekaa kizingitini, leso yake ameishika mikononi.

"Ameenda," akasema.

Murugi aliiachilia baiskeli ikaanguka. Kingori alishikilia nguzo ya mlango. Akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi: "Amekufa nje ya Meza, basi."

"Amekula," Nasirumbi akasema.

"Amekula nini?"

"Aliuliza kama Mchungaji amefika. Nikaona macho inaenda. Nikamwambia amefika, ako nje anafunga baiskeli, ametanguliza hii. Nikampa mkate na chai ya rangi. Nikamwambia umesamehewa, mama, karibu tena."

"Mama Philemon! Wewe hata ubatizo wa maji huna!"

"Sina. Nilikuwa na mkate."

Murugi alisikia hasira ikimpanda kutoka kwenye nyayo. "Ulimdanganya mama yangu akikata roho?"

"Ee," Nasirumbi akasema. "Nilimdanganya. Ungekuwa hapa ungefanya nini?"

Kingori alichungulia ndani, akakiona kikombe kitupu juu ya stuli, na Warigia amelala mdomo umefumbwa vizuri. Akautazama mguu wake uliovimba.

"Mzee Theuri wa Gatunduri ndiye ako na ufunguo wa kengele," akasema mwishowe. "Ataniuliza kama alipokea."

Murugi angeweza kumkumbusha viatu vilivyokuwa chini ya meza, lakini aliona Kingori anavikumbuka mwenyewe.

"Nitasema alipokea," Kingori akasema. "Muiteni."

Alasiri, wale wanawake wawili walibaki ndani wakimwosha. Nasirumbi alikamua kitambaa kwenye karai, akakawia.

"Alisema kitu, nikishampa," akanong'ona. "Sijui kama nikwambie."

"Niambie."

"Alitafuna, akaniangalia. Akasema, 'Mama Philemon, mkate ya Kingori haikuwangi na siagi ya blubandi.'"

Mikono ya Murugi ikasimama juu ya bega la mama yake. "Halafu?"

"Halafu akaomba kipande ingine."

Nje, Mzee Theuri alikuwa amefika, na Kingori alikuwa akimwambia kwa sauti ya mimbarini kwamba dada yetu alipokea, alipokea kwa imani, kengele ipigwe. Murugi akaurudisha mlango kwa mguu ukafunga, akachovya kitambaa majini, akaendelea na mkono wa pili.