Mikono Mipya ya Madirisha ya Munezero

Hii habari nilielezwa na Émérance, dada mudogo ya marehemu bwana yangu, siku ya yenga yenye ilipita, kiisha misa. Mvua ilimufungia kwangu. Alikuwa anatoka kulala kwa rafiki yake Munezero, kule mutaa wa Mapendo, hapa Goma. Nilimupa chai, akaishika tu, hakuikunywa. Akasema: «Mulamu, usiniulize kitu, nitaeleza yote.» Basi ninaandika vile alieleza.

Munezero ni mujane. Mungu alimupa mutoto mumoja tu mwanaume, jina lake Gentil. Gentil akaoa Chance, binti wa kule Kanyaruchinya, wakazaa kabinti kamoja, Igihozo, mwenye sasa ana miaka mine. Wote walikaa pamoja kwenye nyumba ya mawe yenye muzee aliacha, yenye madirisha ya chuma na vioo.

Wakati wa ile vita ya mwezi wa kwanza walikimbilia Gisenyi kama watu wengine. Kurudi, wakakuta wezi wamebeba godoro, sufuria, viti, na tena wamengoa mikono yote ya madirisha. Ile kitu unashika ndani, unageuza, dirisha inafunguka. Kwenye maduka wanasema poignée. Vioo waliacha, dirisha waliacha, wakabeba mikono. Siku ile Munezero alicheka. Alisema: «Labda kwao kuko dirisha yenye ilikatika mukono, wameenda kuitibu.»

Gentil akachukua waya na pense, ile koleo ya kukazia, akafunga kila dirisha kwa ndani, akakaza sana. Alisema watanunua mikono ingine. Lakini kila mwezi kulikuwa kitu kingine cha kununua mbele, na waya ikabaki.

Katika mwezi wa ine, mvua ikiwa nyingi na baridi ya Goma ile tunajua, malaria ikamushika Gentil. Chance alikuwa ameenda na mutoto kwenye kilio cha shangazi yake, kule Kanyaruchinya, wakalala kule. Gentil alitetemeka mpaka kitanda ikalia. Mama yake akamuonea huruma. Akawasha mbabula, lile jiko letu la makala, inje, akangoja moshi iishe, makala yakawa mekundu muzuri, akaingiza mbabula chumbani, akafunga mulango ili joto isitoke, akaenda kulala kwenye chumba chake.

Mimi simuhukumu. Sisi wote tunaogopa moshi, lakini makala yenye haina moshi nani anaiogopa? Mama zetu waliweka mbabula kando ya muzazi na mutoto mchanga, na wote walipona. Lakini nyumba za mama zetu zilikuwa za mbao na majani, upepo ulipita kila mahali. Hii ya mawe na vioo ni sanduku.

Asubui Munezero akamukuta Gentil chini ya dirisha. Vidole vyake vilikuwa na damu. Waya ilikuwa imeanza kufunguka, kidogo tu.

Kwenye kilio, watu walisema yao. Wamoja wakasema sumu, wengine wakasema mazuku, ile hewa mubaya ya volkano. Munezero akasimama katikati yao akasema: «Hapana. Ni mimi niliingiza mbabula.» Kiisha akakaa chini.

Kilio kilipoisha, Chance akabeba mutoto mugongoni akarudi kwa wazazi wake. Wajomba na baba wadogo wa Gentil wakakasirika. Kwetu mutoto ni wa upande wa baba, kila mutu anajua. Wakataka kwenda kumuchukua. Munezero akawakataza: «Igihozo si mbuzi ya kufunga kamba. Kama mama yake hatakuja na miguu yake, mimi nitabaki peke yangu.» Lakini wakati walienda, alimwambia Émérance: «Ule mutoto ana paji la uso la Gentil. Nisipomuona tena, sijue nitaamukia nini.»

Akamutuma Émérance kwa Chance, amubembeleze. Chance alimupokea vizuri, akamupa kiti, akajibu: «Mwambie mama sina kesi naye. Ni mama yangu. Lakini siwezi kulala kwenye nyumba yenye haifunguke.»

Émérance akaleta lile neno. Munezero akalishika na mikono miwili. Akasema: «Kumbe ni madirisha tu.»

Kesho yake wakashuka wote wawili Birere, kwa Kambale, fundi wa kuchoma vyuma, mwenye anatengeneza milango na madirisha na kuuza vitu vyake vyote. Kambale akauliza: «Mama, unatafuta mikono ya kushoto ao ya kuume?»

«Mikono ya dirisha nayo iko na kushoto na kuume?»

«Kama viatu, mama. Ukiweka ya kushoto kwa kuume, kila siku utapigana na dirisha yako.»

Munezero akafunga macho. Akanyoosha mukono mbele ya watu, akageuza hewa, kwanza upande huu, kiisha upande ule. Akarudilia. «Sijue tena,» alisema. «Tulizoea waya.»

Baba mumoja mwenye alikuwa ananunua misumari akacheka: «Ile dirisha yako iko mbinguni, mama?»

Émérance akamujibu: «Baba, beba misumari yako uende, kitanda yako inaanguka na bibi anakungojea.» Watu wakacheka, yule baba naye akacheka, akaenda.

Wakarudi nyumbani kuangalia. Munezero aliingia kwenye chumba ya Gentil, mara ya kwanza tangu kilio. Akapima matundu ya zamani na uzi, akafunga fundo pale tundu ya kwanza iko, na ingine pale ya pili iko. Akaangalia bawaba ziko upande gani. Émérance alisema alipima polepole sana, kama mutu anayepima nguo ya mutoto mwenye amelala.

Siku yenye ilifuata, Kambale akaweka mbele yao aina mbili. Ya kwanza ya chuma nyeusi, nzito, haina mapambo. Ya pili nyeupe, inangaa, na kitundu cha funguo chini yake.

«Hii ya chuma hata mutoto anaifungua,» alisema. «Hii nyeupe ni ya kuzuia wezi. Wanavunja kioo, wanaingiza mukono, wanageuza, haigeuke. Funguo moja inafungua zote. Unaogopa nini, mama? Sema, nami nitakuambia uchukue gani.»

«Nani haogopi wezi hapa Goma?»

«Mimi. Kwangu walishamaliza kubeba.»

Wakacheka wote, hata Munezero. Émérance alisema ni mara ya kwanza alimuona akicheka tangu mwezi wa ine.

Munezero akashika ya chuma na mukono moja, nyeupe na mukono ingine. Émérance akamwambia: «Chukua ya chuma, ina nguvu, na haisumbue.»

«Mutoto atalala kwangu,» Munezero akajibu. «Wiki hii waliingia kwa jirani kupitia dirisha. Wakiingia kwangu, nitamwambia Chance nini? Bwana yako nilimumaliza na mbabula, na binti yako nikamuachia wezi?»

Akachukua nyeupe, zote.

Kambale alikuja kuziweka yeye mwenyewe. Uzi wa Munezero ulikuwa sawa kwa madirisha mengi, lakini kwenye chumba ya Gentil matundu ya zamani yalikuwa yamepanuka, vise, ile misumari ya kuzungusha, hazikushika, akatoboa mapya. Akakata waya. Ulimi wa mukono ulikuwa unagonga kwenye chuma ya dirisha, hauingie. Akaipiga tupa, akajaribu, akapiga tena, akapaka mafuta. Mpaka ikaingia na kale kasauti ka kufunga vizuri. Akamwambia Munezero ajaribu. Akageuza, dirisha ikafunguka mpaka mwisho, na upepo wa ziwa ukaingia, ukainua pazia. Munezero akasimama pale. Akafunga, akafungua. Jirani wakaja kuona. Mama mumoja akasema: «Munezero, umekuwa kama mutu wa Himbi kwa matajiri, karibu utaweka na piscine ya kuogelea.» Ile funguo Munezero akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake, fundo kali, akaiingiza kifuani.

Kiisha akamutuma tena Émérance: «Mwambie Chance nyumba inafunguka. Aje aone tu. Asipopenda, arudi.»

Chance akakubali kuja siku ya posho, ile inatangulia yenga.

Asubui ya siku ile Munezero alienda soko kutafuta sombe, majani ya mihogo, na ndakala, samaki wadogo. Kutoka kwake akafunga madirisha yote na funguo, kama mutu yeyote wa Goma anavyofunga. Hata mimi ningefunga. Kurudi, akaanza kutwanga, akapika, akafagia, akabadilisha shuka kwenye kitanda kikubwa. Émérance alikuja kumusaidia. Wote wawili hawakukumbuka kufungua madirisha. Madirisha yalikuwa mapya, yanangaa, waliyapangusa kwa inje na kwa ndani, na hawakukumbuka.

Chance akafika saa sita kwenye pikipiki ya motari, Igihozo mbele yake. Mutoto akamukimbilia mama ya baba yake: «Tate, ulininunulia mandazi?» Tate wake akamubeba, akaficha uso wa mutoto kwenye shingo yake, muda murefu, mpaka mutoto akasema: «Tate, unanibana.»

Chance akasalimia vizuri, akapiga magoti kidogo kama siku zote. Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Kiisha akasema: «Mama, niruhusu nione.»

Akaenda mbele, hakungoja mutu. Kwenye mulango ya chumba akasimama, akapumua, akaingia. Akaenda kwenye dirisha. Akaweka mukono wake juu ya ile mukono nyeupe, akageuza.

Haikugeuka.

Akaweka mikono yote miwili. Haikugeuka.

«Ngoja, mwanangu,» Munezero akasema nyuma yake, «kuko funguo, ngoja.» Akatoa pembe ya kitenge, akaanza kufungua fundo. Fundo alikuwa amelikaza sana. Akatumia meno. Chance alibaki amesimama, mikono yake kwenye dirisha, anaangalia kioo. Émérance aliniambia: «Mulamu, lile fundo lilichukua muda, nilitaka kulia.»

Mwishowe likafunguka. Munezero akaingiza funguo, akazungusha, akafungua dirisha yote mpaka mwisho. «Unaona? Inafunguka. Angalia vile upepo unaingia. Ni juu ya wezi tu, mwanangu, juu ya mutoto.»

«Na usiku, mama?» Chance akauliza. «Usiku funguo iko wapi?»

«Iko kwangu. Lakini nitakupa wewe. Chukua, ikae kwako siku zote.»

«Nikiwa na homa, sijue tena nilikoiweka? Nikiwa ninaitafuta kwenye giza?» Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mutu anayeuliza njia. «Gentil angeitafuta wapi?»

Munezero akasema: «Nitazitoa. Leo. Émérance, enda muite Kambale, alete za chuma. Za chuma zinafunguka bila funguo, hata mutoto anaweza.»

Émérance akachukua kitenge chake aende. Chance akamushika mukono: «Bakia, mama Émérance. Usisumbuke.» Kiisha akamugeukia mama mukwe wake. «Mama, ulifanya vizuri. Kila mutu angefanya vile. Mimi sikuja kukuhukumu. Nilikuwa nimejiambia: nitaenda, nitaweka mukono, nikifungua nitabaki. Sasa hata ukibomoa kuta, nitakuwa ninasikia ile mukono haigeuke.»

«Mwanangu.»

«Nisamehe, mama.»

Wakakula. Ndiyo, walikula, juu chakula kilikuwa tayari na hakuna mutu angekikataa. Munezero alitoa miiba ya samaki mumoja mumoja, akamulisha Igihozo na vidole vyake. Mutoto alisema atalala kwa tate. Alicheza, akapanda juu ya kitanda kikubwa, akateremuka, akapanda, mpaka akachoka akalala pale pale katikati ya shuka safi. Munezero akakaa kando yake akimuangalia paji la uso.

Jua lilipoanza kuteremuka kwa upande wa Sake, Chance akainama, akamubeba mutoto na usingizi wake, akamufunga mugongoni. Hakuamuka. Kwenye mulango Munezero akauliza kama atamuleta Noeli. Chance akasema: «Tutaona, mama.» Sisi wote tunajua lile neno. Motari akawasha, wakaenda.

Munezero hakubaki inje kuangalia. Akaingia, akavua viatu, akalala kwenye kile kitanda, pale mutoto alilala, na kulikuwa bado mwangaza. Émérance akaogopa kumuacha, akasema atalala naye. Akaosha sahani, akafunga mulango. Kiisha akakuta ile funguo inaninginia kwenye dirisha. Akasimama nayo. Akiacha wazi, wezi. Akifunga, alijua atafikiri nini usiku wote.

«Nifunge ao niache?» akauliza.

Munezero alikuwa amegeukia ukuta. «Fanya vile unataka,» alisema. «Mimi nilichagua, umeona.»

Kidogo kidogo pumzi yake ikawa ya mutu mwenye amelala. Émérance akaacha dirisha wazi, akavuta kiti mbele yake, akakaa kulinda, kitenge mabegani. Baridi ikaingia. Akasikia imbwa za Mapendo zikijibizana, kiisha zikanyamaza. Alikuwa amejiambia hatalala. Karibu na mapambazuko kichwa chake kikaanguka kifuani, na yeye akalala.