Ulinzi Wako Wote

Doreen Pawluk alipokea simu za dharura mjini Yorkton kwa miaka ishirini na tisa. Aliyeona mtu kazimia, aliyegonga kulungu kwa gari, aliyesikia vishindo ghalani: wote walimlilia yeye, naye akawauliza kwa sauti ileile tulivu kuna nini, wapi, na nani kaumia. Kwa hiyo kompyuta yake ilipomvamia kwa makelele Jumanne ile asubuhi, hakushtuka. Alikasirika.

Chanzo kilikuwa kidogo tu. Alitaka kufungua tovuti ya ukumbi wa kanisa lao la Kiukraini aone zamu za kukunja pirohi, zile sambusa zao za viazi za kuchemsha. Ikazuiwa. Na haikuzuiwa na kivinjari chenyewe, bali na kijiprogramu ambacho programu yake ya kuzuia virusi ilikipachika humo bila hata kumwuliza. Doreen akaingia kwenye mipangilio, akakizima, kisha akawasha ulinzi wa kivinjari chenyewe, kiwango cha juu kabisa. Papo hapo dirisha jekundu likachomoza: HATARI! UMEONDOA ULINZI WAKO WOTE. RUDISHA SASA.

Kitufe cha kurudisha kilikuwa kikubwa, cha kijani. Cha kukataa ilibidi avae miwani ndipo akione.

"Rudisha tu, mama," alisema mumewe, Metro, kikombe cha kahawa mkononi. "Wataingia watuibie kila kitu."

"Akina nani?"

"Mimi nitajuaje? Haohao."

Akakataa. Dakika tano baadaye likarudi. Akakataa tena. Mara ya nne lilikuja na king'ora, Metro akajimwagia kahawa. Doreen akachukua simu, akaipigia kampuni.

Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Trent. Alikuwa na sauti ya asali.

"Naona kifaa chako hakina ulinzi, bibi."

"Kuna nini kimeingia?"

"Bado hakijaingia kitu, lakini..."

"Kiko wapi hicho kinachotaka kuingia?"

"Ni hatari ya jumla, bibi."

"Sikiliza, Trent. Kivinjari kinaniambia ulinzi wake umewashwa. Programu yenu ya virusi nayo bado inafanya kazi, naiona hapa. Nyinyi mnaniambia sina ulinzi wowote. Mwongo nani?"

Trent akakohoa. "Ujumbe ule unamaanisha kile kijiprogramu chetu cha kivinjari."

"Basi mbona mmeandika 'wote'?"

"Ni maandishi tu, bibi."

"Maandishi tu! Mume wangu kaungua mapaja kwa maandishi tu. Halafu mimi si bibi yako."

Akakata simu, akaiondoa programu nzima. Ikamwuliza kama ana uhakika. Ikamwonyesha picha ya familia inayolia. Ikamwuliza tena. Doreen alikuwa akijibu kwa sauti, "Ndiyo. Ndiyo. Nimesema ndiyo, mjinga wewe," mpaka ikaondoka. Kisha akahakikisha kinga iliyokuja na kompyuta yenyewe imeshika zamu. Ilikuwa imeshika.

Ijumaa, ukumbini, mikono ikiwa imejaa unga, aliwasimulia wenzake. Wanawake saba wakakiri kwamba dirisha hilo wanalijua, na wote walikuwa wametii. Lesia Hnatiuk, katibu wa ukumbi, ndiye aliyeona haya zaidi. Yeye hukimbilia kitufe cha kijani hata kabla hajasoma.

"Nilidhani ni kosa langu," alisema.

"Ndivyo walivyotaka udhani."

Lesia akapangusa mikono, akaleta kompyuta yake, akaiweka kwenye meza ya unga. Wakamzunguka. Doreen hakugusa kitu. Alimwonyesha kwa kidole tu pa kuzima na pa kuwasha. Dirisha jekundu likaruka. Mmoja wao akapiga ishara ya msalaba.

Lesia alilisoma lote, neno kwa neno, midomo ikicheza. Kisha akakitafuta kile kitufe kidogo, akakibonyeza kwa kidole kwenye skrini, kwa nguvu hadi alama ya unga ikabaki juu yake.

"Likirudi je?"

"Unakataa tena," alisema Doreen, akarudi kwenye pirohi zake.