Kikao cha Jumapili Kuhusu Pensheni Yangu

Nyumbani kwangu hakuna jambo linaloamuliwa bila kikao, na hakuna kikao kisicho na kumbukumbu. Watu hucheka. Na wacheke. Nilifanya kazi masijala ya idara ya maji kwa miaka thelathini na miwili. Nilianza kwa kubeba mafaili nikamaliza nikiwa karani mkuu, na kilichonipandisha ni darasa la jioni, nililoingia nikiwa baba wa watoto wawili. Huko ndiko nilikofundishwa kuandika kumbukumbu: nani kasema, nini kimeamuliwa, nani atatekeleza. Tangu hapo kila jambo kubwa la nyumba hii limo ndani ya daftari gumu, pamoja na nakala za kaboni, na kila aliyehudhuria ametia sahihi. Nani alipe bati la jiko. Shangazi akaribishwe kwa siku ngapi. Kilichotiwa sahihi hakivunjwi. Mimi mwenyewe niliwahi kunywa chai bila sukari mwaka mzima, kwa ajenda moja ambayo mke wangu aliipitisha nikiwa nasinzia.

Nina binti wawili, na Mungu, kwa mzaha wake, amenipa wakwe wawili wabunge. Mume wa mkubwa ni wa chama tawala. Mke wangu anamwita Mkasi, kwa sababu kila akifungua mdomo kuna kitu kinapunguzwa. Mume wa mdogo ni wa upinzani, naye tunamwita Kipaza, kwa sababu hajawahi kusema jambo polepole. Wanyumba hawa, waume wa ndugu tumbo moja, ndio walioteuliwa, kila mmoja na upande wake, wakae wapatane juu ya bajeti. Serikali imepungukiwa. Mkasi anataka pensheni za wastaafu zikatwe sehemu ya tano. Kipaza anasema isiguswe hata senti, ila ukimuuliza fedha zitoke wapi, anaongeza sauti. Walikuwa na wiki tatu hawasalimiani, na binti zangu wakawa wanatembeleana kwa kujificha kama wezi wa kuku.

Sasa, sehemu ya tano ya pensheni yangu ndiyo inayonitenganisha na kulishwa. Ikiondoka, nyumba hii siimudu, na itabidi nihamie kwa mkwe. Baba mkwe anayekula kwa mkwe hutafuna polepole asisikike. Mimi nina kiti changu dirishani na gazeti langu. Nakusudia kufia kwenye kiti hicho, ingawa si karibuni.

Kumwomba mkwe siwezi. Lakini kuitisha kikao naweza.

Walikuja Jumapili alasiri, pamoja na wake zao. Wakwe waliketi kwenye kochi moja, huku na huku, katikati mto umesimama kama mpaka wa nchi. Nilivaa miwani, nikafungua kikao, tukamaliza habari za bati la jiko, nikageuza ukurasa.

"Ajenda ya tatu," nikasema. "Pensheni ya Baba."

"Baba," Kipaza akaruka, "hilo mimi nimeshalisema bungeni, nikalisema redioni..."

"Tulikusikia hata bila redio, mwanangu. Humu ndani hakuna mbunge, kuna wakwe. Pensheni ikikatwa sehemu ya tano, nyumba hii tutaipangisha, na mimi na mama yenu tutahamia kwenu. Swali ni kwa nani, na lini."

Mkasi akakohoa. "Karibuni sana, Baba," alisema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Ahsante. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Husoma gazeti kwa sauti, maana mama yenu haoni herufi ndogo. Na nyumba isiyo na vikao siiwezi. Kila Jumapili."

"Kila Jumapili?" aliuliza Kipaza. Ndiyo mara ya kwanza nimsikie akinong'ona.

"Na vya dharura katikati ya wiki."

Binti mdogo aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Mkasi akageuka taratibu, akauangalia ule mto, akautoa.

"Mwanyumba," akasema. Neno hilo lilikuwa na wiki tatu halijasikika. "Wewe una chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma kimejaa mabango ya kampeni. Wewe una ghorofa nzima."

"Ghorofa ina ngazi. Fikiria magoti ya Baba."

"Magoti yangu mazima," nikasema. "Niandike hivyo?"

"Basi tugawane," akasema Kipaza. "Wewe miezi sita ya mwanzo, mimi sita ya mwisho."

"Eti! Ya mwanzo si ndiyo ya bajeti? Nitafanyaje kazi na gazeti linasomwa alfajiri?"

"Mitatu mitatu, kwa zamu."

"Mitatu mitatu sawa, ila redio ya Baba ibaki kwako."

"Redio nachukua mimi, wewe chukua vikao vya dharura."

Kwa dakika ishirini waligawana mwaka mzima, watu walioshindwa kupatana mstari mmoja wa bajeti kwa wiki tatu. Nami naandika, moyoni nacheka. Nilijua wanavyoniona: kama nzige wanaotua shambani. Wakitoka hapa wataihurumia pensheni yangu kuliko mimi mwenyewe.

Ndipo mke wangu akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Sema, mama watoto."

"Mimi naona tusisubiri. Tuhame mwezi ujao."

Kalamu ikasimama.

"Wajukuu zangu nawaona kwenye simu, wakubwa kama njugu," akaendelea. "Humu ndani mwenzangu ni kiti chenye gazeti mbele. Wewe umelisema leo, mimi nalitamani mwaka wa tatu."

Miaka yote nimesambaza ajenda siku mbili kabla, kama nilivyofundishwa. Mara hii sikusambaza. Nilimficha mke wangu ajenda ya tatu, nikiogopa atanicheka akaniharibia. Basi hakujua kwamba natisha tu. Aliamini, na kuamini kwenyewe kwa furaha.

"Lakini pensheni haijakatwa bado," nikasema.

"Itakatwa. Wakataji si hawa hapa?"

Mkasi akainamia viatu vyake. Nikaokoa nilichoweza, nikaandika: *Iwapo pensheni itakatwa sehemu ya tano, Baba na Mama watahamia kwa wakwe, miezi mitatu kwa zamu.* Mke wangu akatia sahihi wa kwanza. Mimi nikatia wa mwisho. Nilikuwa nimejipalia makaa kwa kalamu yangu mwenyewe.

Jumatatu mke wangu alifua mapazia, na yalipokauka hakuyatundika. Aliyakunja sandukuni. Nilimwona akikipima kiti changu kwa kamba ya viatu.

"Unapima nini?"

"Mlango wa Mkasi ni mwembamba," akasema.

Jumanne binti mkubwa akanipigia. "Baba, hawa wawili wako mezani kwangu tangu mchana. Wametandaza makaratasi, na ile nakala yako ya kaboni wameiweka katikati, wameikandamiza na kopo la sukari. Mume wangu kasema wakate sehemu ya kumi. Shemeji kakataa, kasema kumi ni karibu mno na tano, mzee atapata pa kupenya."

"Waambie wasome vizuri nilivyoandika."

"Baba, wameshaikariri."

Alhamisi, taarifa ya saa saba mchana, nilikaa karibu na redio kuliko daktari anavyoruhusu. Wamepatana. Pensheni itakatwa sehemu ya ishirini, kwa miaka miwili tu. Fedha zitakazopungua zitatoka kwenye posho za vikao na safari za wabunge wenyewe. Kipaza, aliyeapa isiguswe hata senti, ameguswa. Mkasi, ambaye hajawahi kukata cha kwake, amekata. Mtangazaji alisema vyama vyote viwili vimekasirika. Nilipiga hesabu pembezoni mwa gazeti: sehemu ya ishirini ilikuwa ni bei ya hilo hilo gazeti, siku tano kati ya sita. Nikalikunja. Nitalinunua Jumamosi. Kiti kimepona.

Jumapili walikuja na gari moja. Nilifungua kikao nikiwa nimechana ndevu. Tukathibitisha kumbukumbu, tukapongezana, nikauliza kwa desturi tu: "Kuna mengineyo?"

"Yapo," akasema mke wangu. Alikuwa na karatasi yake, imekunjwa mara nne.

"Mliandika sehemu ya tano, ndipo tuhame. Serikali imekata sehemu ya ishirini. Sehemu ya ishirini ni robo ya sehemu ya tano, au darasa la jioni lilisema vingine?"

"Ni robo," nikakiri.

"Basi pensheni imekatwa robo ya ile hofu yako. Na mimi nataka robo ya kuhama. Robo ya mwaka ni miezi mitatu."

Nikawatazama wakwe. Hawakunisaidia. Kipaza alikuwa anauma mdomo wa chini, machozi yanamlengalenga kwa kicheko.

"Mwezi mmoja," nikasema.

"Mitatu."

"Mmoja na nusu, na kiti kinakwenda nami."

"Kiti nimeshakipima. Mitatu."

"Baba," Mkasi akasema kwa adabu, "yakishindikana, unaweza kuunda kamati."

Nikamwangalia mama watoto. Sanduku la mapazia lilikuwa bado mlangoni, wiki nzima, hajalifungua. Kumbe kulishwa kulikonitisha mimi, kwake kulikuwa kukaa meza moja na wajukuu. Nami sikuwahi kumuuliza, kwa sababu halikuwahi kuwa kwenye ajenda.

"Miwili," nikasema. "Mmoja kwa kila mkwe. Na gazeti la siku hizo atalinunua mkwe mwenye nyumba."

"La kila siku?" akauliza Kipaza.

"La kila siku. Huo ni ukarimu, si kulishwa."

Mke wangu akawaza kidogo, akachukua kalamu mkononi mwangu, akatia sahihi hata kabla sijaandika. Nikarudishiwa kalamu, nikajaza juu ya sahihi yake: nini kimeamuliwa. Kisha, nani atatekeleza: *Baba.*

"Mwezi gani unaanza kwako?" Mkasi akamgeukia mwenzake.

"Kwangu? Si tulikubaliana wewe ndiye wa kwanza?"

"Hayo yalikuwa ya sehemu ya tano, mwanyumba!"

Nikawaacha wavutane. Nilikuwa bado naandika.