Bia ya Kumwagia Maua

Mshonaji alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaimimina bia yake kwenye kopo la maua nyuma ya kiti chake pale baa. Fundi rangi alikuwa ameenda msalani, na hakuwa mtu wa kukawia huko.

Mshonaji alikuwa kwenye sindano za kupunguza mwili, moja kila wiki, maana magoti yalikuwa yamegoma, na cherehani ya kukanyaga haina mzaha na magoti. "Mzee wangu, dawa hii na pombe haviivi chungu kimoja," nesi alimwonya. Sikio la kufa! Jumamosi ya kwanza alipiga chupa mbili. Jumapili nzima alishinda akitapika, nyumbani hakuna hata wa kumpa maji. Tangu hapo harufu ya bia tu ilimtia kichefuchefu.

Suruali zake alishazipunguza mara tatu. Lakini kusema hakusema. Mkewe alifariki, watoto wako mbali. Aliyejua habari zake ni huyu fundi rangi, rafiki wa Jumamosi, mwaka wa ishirini sasa, na hawajawahi kukutana penye meza isiyo na bia. Akiiondoa bia, kitabaki nini?

"Hilo povu kwenye udongo ni la nini?" Fundi rangi alikuwa amesimama nyuma yake.

Mshonaji akaeleza yote, macho chini.

"Kumbe nakunywa na ua!" Fundi rangi akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Wiki ngapi?"

"Tano."

"Wiki tano nakunywa peke yangu, na wewe umekaa hapo hapo unanigongea glasi?"

"Niliogopa utatafuta mwingine, ndugu yangu."

"Mke wangu aliponikimbia, nilikwambia wewe kabla ya kaka yangu wa tumbo moja. Leo sindano tu imekushinda kusema?" Akavaa kofia, akaondoka, chupa yake ikiwa nusu.

Maneno hayo yalimuuma mshonaji kuliko magoti.

Jumamosi iliyofuata aliwahi, akaagiza maji, akayaweka mezani waziwazi. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Mara mbili watu waliomba kile kiti cha pili.

"Kina mwenyewe," aliwajibu.

Halafu akamwona fundi rangi ng'ambo ya barabara, anatoka kazini, ngazi begani. Mshonaji akainua mkono. Fundi rangi akasimama, akahamisha ngazi kutoka bega hili hadi lile, magari yakipita katikati yao, kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, ili avuke.